Pembe Iliyoandikwa Zawadi

Picha ya pembe iliingia kwenye simu yangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimefungua mizani ya duka moja la nafaka pale Mwisenge. Nakumbuka saa kwa sababu kila mizani ninayoitengeneza naandika kwenye daftari muda niliouanza na muda niliouacha. Ile niliianza saa tatu na nusu. Haikumalizika siku ile.

Ilikuwa pembe ya tandala, ndefu, imejisokota mara mbili, imelazwa juu ya karatasi nyeupe. Pembeni yake waliweka rula fupi na kibandiko chenye namba. Karibu na ncha kulikuwa na tundu la kupulizia, na chini ya tundu ngozi kavu ya mnyama imezungushwa kama bandeji. Nilifuta mafuta mikononi, nikaikuza picha mpaka ikapoteza sura, nikairudisha, nikaikuza tena.

Picha ile ilikuwa jibu la barua zangu za miaka miwili. Mimi niliishia darasa la saba. Ufundi wa mizani nilifundishwa na mzee aliyekuwa amefundishwa na Mhindi, na mengine yote nimeyapata kwa kusoma. Miaka kadhaa nyuma ililetwa kwangu mizani ya zamani ya chuma, na chini ya sahani yake kulikuwa na maneno ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Sipendi kufunga kitu ambacho sijakijua. Nikatafuta kamusi ya Kijerumani kwa wauza vitabu vya mitumba mjini Musoma, nikaanza na yale maneno ya kwenye chuma, nikaendelea. Kamusi haina mwisho. Siku moja, nikisoma kwenye simu orodha ya vitu vya jumba moja la makumbusho huko Ujerumani, nikakuta jina la kilima chetu. Mbele ya jina: pembe ya kuitia watu. Mbele yake tena: zawadi ya mtemi.

Nilisoma mstari ule mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia, nikaanza kuwaandikia barua. Kwetu tulikuwa tunaambiwa tu kwamba pembe ilichukuliwa na Wajerumani. Neno hilo, ilichukuliwa, lilitutosha ukoo mzima kwa vizazi vitatu. Hakuna aliyeuliza ilichukuliwaje. Wala mimi sikuuliza, ingawa kuuliza ndiyo kazi yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buswahili, wilaya ya Butiama, kwa baba mkubwa. Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote waliobaki katika kizazi cha baba zetu. Nilimkuta uani anasokota kamba ya kufungia ndama, mguu mmoja ameunyoosha, kamba imezungushwa kwenye kidole gumba cha mguu. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tena. Nikamwonyesha simu upande wa kulia.

"Ina ngozi?" akauliza kabla hata hajaitazama vizuri.

"Ina ngozi, baba mkubwa."

"Ya nini?"

"Nadhani ya kenge."

"Unadhani au unajua? Wewe si ndiyo unapimiaga watu?"

"Kwenye picha siwezi kujua."

"Basi mwambie mwenye nayo aangalie chini ya ngozi. Kuna ufa. Babu yangu alisemaga aliifunga mwenyewe, ilimdondoka wakati anavuka mto."

Nikamwandikia yule mtafiti wa jumba la makumbusho aliyenitumia picha. Siku ya tatu akajibu kwamba wameipiga eksirei, na ufa upo, urefu wa kidole. Nilipompigia baba mkubwa kumwambia, aliniambia nirudie urefu wa ule ufa. Kisha akasema, "Sasa sikiliza. Mimi nina miguu inavimba. Ije nikukabidhi."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Watu wetu hawakuwa na mtemi. Tulikuwa na pande mbili. Baba yuko upande huu, mwanawe yuko upande ule, na mjukuu anarudi upande wa babu yake. Upande mmoja unashika nchi, maana yake unaamua lini watu wapande, lini waingize ng'ombe kwenye malisho, nani alipe nini. Ukichoka, unakabidhi upande wa watoto wake na kwenda kukaa. Kinachokabidhiwa ni pembe. Anayeitunza hana amri. Kazi yake ni kuipuliza watu wakitakiwa. Wanaokabidhi wananyoosha mikono miwili, wanaopokea wanapokea kwa mikono miwili na kutoa ng'ombe dume wa kuchinjwa. Hapo wazee wanakuwa wamefunga, yaani wamemaliza zamu yao na wanaweza kupumzika. Mtu ambaye upande wake haujakabidhi, hata akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi, kwenye pombe anataniwa kama kijana.

Baba wa babu yangu ndiye aliyekuwa anaitunza Wajerumani walipofika. Upande wake haukuwa umekabidhi. Baba mkubwa, kama mjukuu wake, yuko upande uleule. Mimi niko upande wa kupokea. Tangu nikiwa mdogo aliponiona aliniambia, "Mdai wangu huyo amekuja," na watu walicheka, na mimi nilicheka bila kuelewa.

Yule mtafiti alikuja mwenyewe. Alipitia Mwanza, akalala Bunda, na akaniomba tukutane pale. Kulikuwa na mizani za pamba za kukagua Bunda kabla ya msimu, kwa hiyo safari ilikuwa na sababu mbili. Nilikwenda na kaka yangu wa ukoo, mtendaji wa kata mstaafu, mtu anayejua kuongea na wageni na anayependa kuongea nao. Tulimkuta kwenye mgahawa wa hoteli, mwanamke wa makamo, nywele fupi, ameagiza sato na anamla kwa mkono kwa ustadi. Kiswahili chake kilikuwa cha chuo. Alisema "vitu vyenu vilivyochukuliwa" bila kuteleza mahali, na kaka, ambaye huwa anasema "vitu yetu ile", alinyooka kwenye kiti na kuanza kuongea taratibu kama mtu anayesoma taarifa.

Alikuwa na fomu. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na nafasi ya jina la mtemi au mrithi wa mtemi.

"Andika mimi," kaka akasema.

"Dokta," nikasema, "kwetu hatukuwa na mtemi. Aliyeitwa mtemi aliwekwa na nyie."

"Si mimi," akasema, akacheka kidogo, kisha akaona haya.

"Nyie nyie," kaka akamwambia. "Lakini usijali, dada. Kunywa soda."

Nikamwuliza kama kuna nafasi nyingine ya kuandika upande mzima, watu wengi, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Akapekua kurasa, ingawa nadhani alijua. Akasema fomu ile imekubaliwa na wizara za nchi mbili, na lazima awepo mtu mmoja wa kuweka sahihi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimesoma jinsi mambo yalivyoanza. Wajerumani walipofika kwenye kilima chetu walitafuta mtu mmoja wa kuweka alama kwenye karatasi. Wakamwona mtu anapuliza pembe, watu wanakuja. Wakadhani wanakuja kwa sababu yake. Miaka zaidi ya mia imepita, bendera zimebadilika, mabalozi wanapeana mikono, na bado karatasi inamtafuta yule mtu mmoja.

Kisha akatueleza kanuni, na hapo aliacha kula. Kitu kilichochukuliwa kwa nguvu kina njia ya kurudi. Kitu kilichotolewa kama zawadi hakina. Rekodi yao imeandikwa zawadi. Kwa hiyo ukoo ukitoa ushahidi kwamba ilichukuliwa kwa nguvu, kamati yao itausikiliza. Alituangalia mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi huku akimwombea alijue jibu.

Tulipotoka kaka alinishika bega. "Fundi, mambo marahisi haya. Bunduki, pingu, pembe imeenda. Nani atabisha? Waliokuwepo wamekufa wote. Na yeye mwenyewe anataka tuseme hivyo, hujamwona uso?"

"Nimemwona."

"Basi. Mzee akabidhi, afunge. Wewe hutaki mzee afunge?"

Nilitaka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, baba mkubwa afunge kabla miguu yake haijafika mwisho. Mchana ule nilikagua mizani saba za pamba, na ya saba ilibidi niirudie kwa sababu sikukumbuka nilichokiona.

Baada ya siku mbili tulikaa sebuleni kwa baba mkubwa. Viti vya plastiki, kalenda ya kanisa ukutani, chai ya maziwa. Mtafiti aliweka kinasa sauti mezani. Kaka akatangulia. Alieleza bunduki, alieleza pingu, akaongeza nyumba iliyochomwa ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Mtafiti aliandika. Baba mkubwa alisikiliza macho yameinama, anavunja karanga na kuziweka pembeni bila kula.

Zamu yake ilipofika aliongea kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili anakijua, lakini alisema mambo ya pembe hayasemwi kwa lugha ya ofisi. Mimi nikawa mtafsiri. Aliongea kipande, akanyamaza, nikatafsiri, akaendelea.

Kipande cha kwanza kilikuwa jina la pembe na jina la mto ilipodondokea. Nikatafsiri. Cha pili, jinsi babu yake alivyoitwa bomani, akaenda kwa miguu siku mbili. Nikatafsiri. Cha tatu alikisema bila kuinua sauti: hakuna aliyemnyooshea bunduki. Waliomba alama ya urafiki. Babu yake aliitoa kwa mikono miwili, kama anakabidhi, akapewa kofia na karatasi, akarudi mtemi.

Kinasa sauti kilikuwa na taa ndogo nyekundu. Niliitazama ile taa. Nikasema, "Anasema babu yake alifika bomani na pembe, akarudi bila pembe."

"Alilazimishwa?" mtafiti akauliza.

"Bomani kulikuwa na askari," nikasema.

"Amina," kaka akasema taratibu.

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Nimeshakutana na mizani za namna hiyo. Ukipima kila sehemu peke yake, springi ni nzima, sahani ni nzima, mshale ni mzima, na uzito unaotoka ni wa uongo. Huwa navunja lakiri, ule muhuri wa ukaguzi, na kumwambia mwenye mizani aniangalie usoni.

Baba mkubwa aliendelea na kipande cha nne. Alisema tangu siku ile babu yake hakuwa na cha kupuliza, kwa hiyo akitaka watu waje ilibidi atume askari. Hiki nilikitafsiri chote. Mtafiti alikiandika na kukipigia mstari.

Baba mkubwa alikuwa amenisikia. Kwetu mzazi hamsahihishi mwanawe mbele ya mgeni, hata mwana akisema mwezi ni mkate. Alimsindikiza mtafiti mpaka kwenye gari, akamshukuru kwa Kiswahili, akampa karanga kwenye mfuko. Gari lilipoondoka akaniambia, "Umetafsiri vizuri. Umebakiza tu pembe."

Akaingia ndani.

Wiki zilizofuata sikukaa. Nilifungua mizani ambazo nilishazifunga. Jioni nilitoka Mwisenge kwa miguu mpaka Buhare na kurudi, bila kwenda kwa mtu. Mke wangu alinitazama siku moja nikiwa nimeinama mezani.

"Hiyo umeifungua mara tatu. Ina kosa gani?"

"Haina."

"Basi mwenye kosa ni wewe. Sema au ulale."

Nikaifunga ile mizani, nikachukua simu. Nilikuwa nasoma. Nilisoma mikataba ya mipaka, ile iliyoandikwa na watu wa mbali kwa niaba ya watu wasiokuwepo, na kila niliposoma nilikutana na jambo lilelile: mtu ameandikwa kuwa mwenye kitu ili aweze kukitoa. Kwanza wanakufanya mwenye mali, halafu unatia alama, halafu mali inaondoka kihalali. Ndivyo mpaka ulivyopita katikati ya malisho ya watu kule kaskazini, na leo nchi mbili huru zinaulinda kwa bidii kuliko waliouchora. Sikuwa na hasira na mikataba. Nilikuwa nawashwa na jambo la karibu zaidi. Mimi pia nilikuwa nimekaa sebuleni na kumfanya baba wa babu yangu kuwa mtu aliyeporwa mali yake. Mali yake.

Ujumbe ukaja. Kamati imeridhika. Imebaki barua ya wizara, kisha tarehe. Balozi atakuja. Pembe ataipokea mtemi kwa niaba ya jamii. Kaka alinipigia kabla sijamaliza kusoma; alishampelekea fundi cherehani kitambaa cha joho.

"Joho la nini?"

"La mtemi. Unataka nipokee na suti ya utendaji?"

Nikapanda gari la Butiama asubuhi iliyofuata. Baba mkubwa alikuwa ndani, miguu juu ya mto, imevimba mpaka vifundo vimepotea. Nikamweleza yote: kamati, balozi, joho. Nikamwambia pia kwamba nikiandika ukweli sasa, pembe haitakuja, au itakuja sisi sote hatupo.

"Wewe uko upande gani?" akaniuliza.

"Wa kupokea."

"Anayepokea anaangaliaga nani anampa. Hii, nani anakupa?"

Nikausogeza mto vizuri chini ya miguu yake.

"Wanaipeleka kwa mtemi. Mtemi walimtengeneza wao. Kwa hiyo Mjerumani anajikabidhi mwenyewe kwa mkono mwingine, sisi tunapiga makofi. Mimi hapo nitakuwa nimekupa nini?"

"Lakini utaiona, baba mkubwa."

"Jicho moja hili, niione nifanye nini? Mimi nataka nikabidhi." Akajisogeza, akakunja uso kwa maumivu. "Na babu yangu alikosea. Unajua kwa nini hatukuwahi kusema? Kwa sababu kofia ile tuliipenda. Tulisomeshwa na ile kofia. Hata kaka yako utendaji aliupata kwa sababu ni mtoto wa nyumba ya mtemi. Andika."

Niliandika siku tatu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijerumani changu cha kamusi, ili asiwepo mtafsiri katikati. Nilianza na kosa langu: siku ile, katika kipande cha tatu, niliacha sentensi, na sentensi yenyewe ni hii. Kisha nikaandika kwamba rekodi yao pia si kweli. Mimi ni fundi mizani. Watu wananiachia mizani zao nizitunze mpaka zipone. Akija mgeni akapenda mojawapo, na mimi kwa woga au kwa tamaa nikampa, mgeni huyo hana zawadi. Ana mizani ya mtu, na mimi nimekosa uaminifu. Aliyeitoa pembe aliitoa kweli, kwa mikono miwili. Haikuwa yake. Aliyepokea hakuuliza ni ya nani kwa sababu alikuwa anahitaji mtu mmoja wa kumwita mwenye mali. Sisi tunaoidai hatuidai kwa jina la mtemi, tunaidai kwa jina la upande ambao haukupokea. Nikamalizia kwamba upande huo una watu wengi, na nikawaandika wote niliowajua, kurasa mbili.

Jibu rasmi lilikuwa la heshima. Walinishukuru kwa uaminifu. Kwa kuwa ushahidi umebadilika, shauri limerudishwa mwanzo, na kwa sasa kanuni hazina kifungu cha mwenye mali wa aina niliyoieleza. Hata hivyo, wako tayari kuiazima pembe kwa Tanzania kwa miezi michache ili ioneshwe. Chini yake mtafiti aliongeza mstari wake mwenyewe: umenipa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, na sijaiacha.

Kaka hakuwa na heshima hiyo. "Umetuua, fundi. Pembe ilikuwa imefika mlangoni. Mlangoni! Joho nitalivaa wapi sasa, kwenye ubatizo?"

Nilimsomea baba mkubwa barua. Kwenye neno kuazima alinyanyua mkono niache.

"Waniazime mimi?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Waambie na mimi nawaazima ile boma yao. Waje waibebe, miezi michache tu, warudishe." Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Lete dume."

"Dume la nini? Pembe haipo."

"Nani amekuuliza pembe? Dume ni la anayepokea. Wewe si unapokea? Jumamosi."

Nilidhani ni homa. Nilimpigia kaka, naye, pamoja na hasira zake, akasema mzee akiomba dume, unapeleka dume. Nikalinunua mnadani, nikalifikisha Buswahili Ijumaa. Jumamosi wakaja watu wa pande zote mbili, wale ambao hawajasahau wako upande gani, na wengine ambao ilibidi tuwahesabie baba na babu hapohapo getini ili wajue wakae wapi. Walikuwa wachache kuliko orodha yangu. Kaka alikuja bila joho, akakaa upande wangu na kununa.

Baba mkubwa alitolewa nje akiwa juu ya kiti cha plastiki na kuwekwa katikati ya uwanja. Alisema jina la pembe na jina la mto. Alisema babu yake aliitoa, na kwamba haikuwa yake kuitoa, na upande wao wote unabeba jambo hilo. Safari hii alisema kwa lugha ya nyumbani, kisha akasema tena kwa Kiswahili, ili vijana wa mjini wasipate kisingizio. Kisha akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, umbali kati yake kama urefu wa ile pembe. Hakuna kitu kilichokuwa juu yake.

"Iko kwao," akasema. "Lakini si yao, wala si yangu tena. Pokea, mdai wangu. Ukidaiwa na wanao, utawajibu wewe."

Nikasogea. Uzito wa pembe ile naujua kwa gramu, umeandikwa kwenye rekodi yao. Nilinyoosha mikono yangu chini ya yake, na nilipohisi ameiachia, mikono yangu ikashuka kidogo, bila mimi kupenda. Mama mmoja upande wa pili akapiga vigelegele. Wazee wa upande wa baba mkubwa, watano tu, wakaketi chini wote kwa pamoja, polepole, wakisaidiana, kama watu waliotembea mbali. Walikuwa wamefunga.

Mimi nilibaki nimesimama. Pembe yenyewe ingekuwapo, ningekwenda kuitundika ukutani, ingekuwa imeisha. Mikono ilikuwa mbele yangu na sikujua niende nayo wapi. Moshi wa nyama ulikuwa unapita. Tayari nilikuwa napanga barua inayofuata, aya ya kwanza iseme nini, aanze kuandikwa nani.

"Fundi," kaka akaniita kutoka kwenye viti, akiwa ameshachukua paja, "shusha mikono, nyama inapoa."

Nikamwambia naishusha. Watu waliendelea kula. Nadhani niliishusha wakati fulani, kwa sababu nami nilikula, lakini sikuangalia saa na kwenye daftari langu siku ile haijaandikwa muda wa kumaliza.